Santuri ya marehemu bamkubwa imeandikwa WITCH, shangazi anataka ichomwe. Naomba historia ya hii bendi ya Kitwe

Mwana_Uyole aliandika:

Wakuu habari za jioni. Naomba mwenye kuijua hii bendi anisaidie maana hapa nyumbani kuna mvutano na mimi sina la kujibu.

Bamkubwa wetu alifariki mwezi wa tatu. Alikua fundi wa TAZARA, ujana wake karibu wote aliumalizia Mpika upande wa Zambia kwenye karakana ya vichwa vya treni, akarudi Mbeya akiwa na mke na watoto wawili na Kibemba chake. Jumamosi tulikaa kugawa vitu vyake, sasa chini kabisa ya sanduku la bati, chini ya blanketi na ovaroli mbili alizozitunza sijui za nini, tukakuta santuri kumi na moja zimeviringishwa kwenye gazeti alafu zikafungwa na nailoni. Kumi ni za muziki tunaoujua, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Wakongo wawili watatu. Ya kumi na moja haina kava lake, ilikua imechomekwa ndani ya kava la kwaya, na pale katikati kwenye karatasi ya duara imeandikwa W.I.T.C.H., chini yake Lazy Bones. Pembeni kwa wino wa bluu kuna mwandiko wa bamkubwa mwenyewe, jina lake na "Kitwe 1977".

Binti mmoja wa ukoo anasoma sekondari akaisoma kwa sauti, akaulizwa maana yake nini akasema mchawi. Shangazi ameokoka miaka mingi, aliiweka chini kama mtu aliyeshika kaa la moto, akasema hii kitu ichomwe leo leo kabla ya giza na mchungaji aitwe. Mimi nimeiomba nikae nayo mpaka Jumapili nipate maelezo. Bamkubwa alikua mtu wa kanisani, mtu mpole sana, mimi ndo alinifundisha kushika spana, sitaki jina lake lipakwe kitu ambacho hakikuwepo.

Hawa watu ni kina nani? Ni bendi ya dini gani, walipiga muziki gani, na fundi wa reli alikua anatafuta nini kwao mpaka Kitwe? Nawasilisha.

Boda_ya_Tunduma alijibu:

Pole sana kwa msiba mkuu. Kwanza kabisa USICHOME. Hiyo sio ya uchawi, kila herufi inasimama badala ya neno, ndo maana kuna nukta katikati. We Intend To Cause Havoc, yani tunakusudia kuzua kizaazaa. Ni vijana wa rock walijipa jina la kutisha wazazi, kama vijana wa kila mahali.

Mzee wangu alikua anaendesha lori la mafuta Dar mpaka Ndola kabla bomba la TAZAMA halijaanza 1968, na baadae akabeba mizigo mingine, anasema miji yote ile ya shaba Ijumaa ya mshahara ilikua haina pa kulala kwa kelele za magitaa. Kuna mtu humu anaitwa Sahani anaijua hiyo habari vizuri, namuita aje.

Sahani_na_Sindano alijibu:

Nimeitwa nimekuja. Mwana_Uyole pole kwa kumpoteza mzee. Nilikaa Copperbelt, ule ukanda wa shaba wa Zambia ilipo Kitwe, miaka tisa nafanya kazi za umeme, nimekua natafuta santuri za hawa watu tangu hapo na nimekaa na wazee waliocheza hizo nyimbo wakiwa vijana, kwa hiyo niruhusu niandike kirefu kidogo maana ukikata kata hutaelewa bamkubwa alikua anaona nini.

Anza na mji wenyewe. Kitwe haikua mji wa mahakama wala wa bandari, ni mji uliozaliwa na shimo. Mgodi wa Nkana ulikuja kwanza, mji ukafuata miaka ya thelathini, nyumba za wachimbaji zimepangwa mistari, kila mtaa wa mgodi una ukumbi wake wa starehe uliojengwa na kampuni ili watu wakitoka chini ya ardhi wawe na pa kwenda. Zingatia huo ukumbi, maana mwanamuziki wa mji mdogo tatizo lake la kwanza ni mahali pa kupigia na wale walikua nao tayari, una jukwaa, una umeme wa uhakika, na una watu wenye mshahara mfukoni. Zambia ilivyopata uhuru 1964 shaba ilikua ndo karibu pato lote la nje la nchi, bei ilikua juu, mchimbaji wa Kitwe miaka ile alikua anaweza kununua gramafoni. Na wazungu wa migodini na watoto wao walikuja na santuri zao, Rolling Stones, Hendrix, baadae Deep Purple na Black Sabbath, hizo sahani zilikua zinazunguka mkono kwa mkono mpaka mtoto wa mchimbaji mweusi anazijua kichwani.

Mmoja wa vijana waliokua wanazisikiliza ni Emmanuel Chanda. Alikua anaimba na kurukaruka kama Mick Jagger, watu wakamuita Jagger, midomo ya kule ikaligeuza likawa Jagari, na Jagari ndo jina mpaka leo. Wenzake ni Chris Mbewe gitaa la solo, John Muma rithim, Gedeon Mwamulenga besi, Paul Mumba kinanda, na Boidi Sinkala kwenye ngoma. Hao ndo WITCH wenyewe, hao sita.

Sasa sikiliza hili maana ndo moyo wa habari. Mwaka 1972 walitoa albamu ya kwanza, Introduction. Hakukua na kampuni iliyowatuma wala iliyowalipia, walirekodi kwa mitambo midogo yenye njia mbili tu za sauti, wote mnapiga kwa wakati mmoja, yani ukikosea wewe wa besi wote mnarudia, wakachapisha nakala mia chache na kuziuza wenyewe kwenye shoo zao. Ndo inahesabika kuwa albamu ndefu ya kwanza ya Zambia kuuzwa. Ya pili, In the Past ya 1974, nayo walitoa wenyewe hivyo hivyo. Fikiria hilo kwa huku kwetu miaka ile ile, bendi zetu kubwa karibu zote zilikua na mwenyewe, NUTA Jazz ya jumuiya ya wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Polisi wana yao, Magereza yao, JKT yao, mpigaji analipwa mshahara na vyombo ni vya shirika, ukigombana na kiongozi unaliacha gitaa unaondoka mikono mitupu. Na kurekodi ni RTD, redio ya taifa. Sisemi ilikua mbaya, imetupa muziki mkubwa sana, lakini wale vijana wa Kitwe walikua wamesimama wenyewe na hiyo sio kitu kidogo kwa watu wa miaka ishirini.

Alafu kuna Kaunda. Nyie wa umri wangu mnamkumbuka na kitambaa cheupe na gitaa lake, rais anayepiga gitaa jukwaani. Alitoa agizo kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Wazambia. Nia yake ilikua nadhani watu warudi kwenye muziki wa asili, lakini vijana waliokua wanapiga nyimbo za Rolling Stones ukumbini sasa wakawa wanaulizwa zenu ziko wapi, wakatunga zao, kwa magitaa yale yale ya kukwaruza. Mtangazaji Manasseh Phiri akaupa jina, Zamrock. Kwa hiyo amri ya kufunga mlango ikafungua dirisha, na kupitia dirisha hilo wakatoka WITCH, Amanaz, Ngozi Family ya Paul Ngozi, Musi-O-Tunya, Peace, na wengine.

Hiyo uliyonayo wewe, Lazy Bones ya 1975, ni ya tatu na kwa masikio yangu ndo bora kuliko zote. Ilitoka chini ya Zambia Music Parlour, lebo ya huko huko Zambia. Mimi yangu niliipata Chingola ikiwa imepinda upande mmoja, nikiiweka sindano inapanda na kushuka kama mtumbwi, lakini gitaa la Mbewe likiingia unasahau. Kuna kile kifaa cha kukanyaga kwa mguu kinachofanya gitaa litoe sauti nene ya kukwaruza, kama nyuki wamefungiwa kwenye debe, sasa yeye halikwaruzi muda wote, anaacha kinanda kiende taratibu, besi inatembea, anaingia, anatoka. Na Jagari hapigi kelele kama unavyotegemea kwa jina lile, anaimba kwa huzuni fulani hivi. Ukiisikiliza usiku peke yako utaelewa kwanini mtu aliitunza chini ya blanketi miaka yote hiyo.

Kilichowaua ni hicho hicho kilichowazaa, ile shaba. Bei ilianguka vibaya 1974 kwenda 1975. Mpaka na Rhodesia ulikua umefungwa tangu mwanzo wa 1973, reli ya Benguela ya kupitia Angola nayo ikasimama 1975 kwa vita, kwa hiyo nchi imebaki inapumulia kwetu, barabara ya Tunduma na TAZARA. Nadhani hapo Mwana_Uyole unaanza kumuona bamkubwa. Hela za kigeni zikaisha, nyuzi za gitaa hazipatikani, spika ikipasuka imepasuka, mshahara wa mchimbaji hautoshi unga achilia mbali kiingilio. Vita ya Rhodesia ikavuka mto, wakaanza kuzima taa na kuweka amri ya kutotembea usiku, bendi zikawa zinapiga mchana kweupe. Rock ya mchana watu wako na viatu vya kazini, jamani.

Wakatoa Lukombo Vibes 1976, Including Janet 1977, alafu Jagari akaacha bendi akaenda chuo cha Evelyn Hone Lusaka kusomea ualimu wa muziki. Waliobaki waliendelea na waimbaji na wapiga kinanda wapya kwenye disko, wakatoa Kuomboka 1984, kisha kimya.

Baada ya hapo ndo sehemu inayoniuma kuandika. Ukimwi ulipita Copperbelt kama moto kwenye nyasi kavu, miji ya migodi yenye wanaume wengi na malori na mipaka, na wanamuziki walikua mstari wa mbele. Katika wale sita niliowataja hapo juu amebaki mmoja, Jagari. Na yeye akawa anafanya kazi ya kuchimba vito ardhini, mwimbaji mkubwa kabisa wa nchi yake yuko shimoni na sururu.

Sasa muambie shangazi hili, polepole. Huyo Jagari ni mlokole. Ameokoka kama yeye.

Mzee_wa_Rumba alijibu:

Sahani nimesoma yote na nakushukuru kwa kazi, ila mimi nitasema ukweli wangu. Hawa jamaa waliiga wazungu. Mwaka huo huo unaosema wewe Mbaraka Mwinshehe yuko Morogoro, mji mdogo vile vile, anapiga kwa Kiswahili na watu wazima na watoto wanaelewa kila neno. Hawa wanaimba Kiingereza kwa wachimbaji wa shaba. Nani alikua anaelewa? Kwangu mimi muziki wa mtu ni lugha yake kwanza.

Sahani_na_Sindano alijibu:

Mzee nakuheshimu na Mbaraka namuweka juu kabisa, gitaa lake hakuna wa kulinganisha. Lakini angalia mambo mawili.

La kwanza, sisi tuna Kiswahili. Mbaraka akiimba Morogoro anaeleweka Mwanza, anaeleweka Mombasa, anaeleweka Bujumbura. Hiyo ni zawadi ambayo Mzambia hakua nayo. Kitwe mtaa mmoja una Mbemba, Mlozi, Mtonga, Mnyanja, Mluvale, wameletwa wote na mgodi, sasa ukichagua lugha ya mmoja umewaacha wengine, na Kiingereza ndo kilikua cha shule na cha redio kwa wote. Na baadae waliimba lugha za nyumbani pia, hilo jina Kuomboka lenyewe ni la sherehe ya Walozi ya kuhama mafuriko, mfalme anatoka bondeni na mashua. Paul Ngozi ndo aliimba zaidi lugha za mtaani, habari za nyumba na ndoa, na watu walimpenda kwa hilo.

La pili, kuiga. Wote tumeiga mzee wangu. Rumba unayoipenda Wakongo waliipata kwenye santuri za Kuba, wakaigeuza mpaka ikawa yao, sisi tukaichukua kwao tukaigeuza ikawa dansi. Cuban Marimba ya Morogoro jina lake linasema lenyewe. Wale wa Kitwe walifanya kitu hicho hicho kwa sahani zilizofika kwao. Sikiliza ngoma za Sinkala, Mwingereza hapigi vile, ile mikono imekulia kwenye ngoma za kijijini.

Mzee_wa_Rumba alijibu:

Hapo kwenye Cuban Marimba umenishika. Nitaitafuta hiyo Lazy Bones nisikilize kabla sijasema tena.

Likoni_Ferry alijibu:

Salamu kutoka Mombasa. Niongezee upande wetu kidogo maana watu husahau. Musi-O-Tunya, hao wa Rikki Ililonga, walikuja Kenya wakakaa na kupiga huku, na albamu yao Wings of Africa walirekodi Nairobi, ikatoka 1975. Wakati huo Nairobi ndiyo ilikuwa na studio na mashine za kuchapa santuri, bendi za Tanzania, Uganda, Congo, zote zilikuwa zikipitia hapo. Musi-O-Tunya waliweka tarumbeta na ngoma nyingi zaidi kuliko WITCH, ukisikiliza utaona imekaa karibu na muziki wetu wa pwani kuliko rock yenyewe. Marehemu babu yangu alikuwa akiuza santuri Mwembe Tayari na alikuwa akisema hizo za Wazambia wateja wake wakubwa ni mabaharia na vijana wa shule, watu wa ndoa walikuwa hawazitaki.

Kariakoo_Zamani alijibu:

Na sisi Dar tulikua nao wa namna hiyo, msije mkasema Tanzania hakukua na rock. Sunburst. Kulikua na Mtanzania kwenye kinanda, Mkongo kwenye gitaa, James Mpungo anaimba, walikua wanapiga kitu kizito kabisa chenye Kiswahili ndani. Na unajua albamu yao moja pekee, Ave Africa, waliirekodi wapi? Lusaka, 1976. Waliondoka kwenda kuitafutia Zambia kwa sababu huko kulikua na masikio ya muziki ule. Miaka arobaini baadae, 2016, lebo ya Strut ya Uingereza ikaitoa upya. Kwa hiyo barabara ile ya Tunduma haikupitisha shaba na mafuta peke yake, magitaa nayo yalipita, kwenda na kurudi.

Bamkubwa wako na santuri yake moja ya Kitwe na kumi za nyumbani ni mtu wa barabara hiyo kabisa. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Boda_ya_Tunduma alijibu:

Sahani malizia kuhusu walivyorudi, mimi najua juu juu tu.

Sahani_na_Sindano alijibu:

Ni hivi. Hizo nakala za mwanzo zilivyobaki chache watu wa nje waliokusanya santuri wakaanza kuzitafuta, zikawa zinauzwa bei ya kutisha, na Jagari mwenyewe wakati huo hajui, yuko na vito vyake. Baadae Eothen Alapatt wa lebo ya Now-Again ya Marekani akazitoa upya kwa mpangilio, mwaka 2012 yakatoka makusanyo ya albamu zao za miaka ya sabini kwenye boksi moja. Kuna kijana Muitaliano Gio Arlotta akasikia, akapanda ndege kwenda Zambia kumtafuta mzee, hiyo safari ikawa filamu iliyotoka 2019. Mzee akapelekwa Ulaya 2017 akapiga na vijana wa Kiholanzi akina Jacco Gardner, pamoja na Patrick Mwondela, yule aliyepiga kinanda WITCH ya wakati wa disko. Mtu wa miaka zaidi ya sitini anarukaruka jukwaani mbele ya watoto waliozaliwa baada ya bendi kufa, na wanaimba nae maneno yote.

Mwaka 2023 wakatoa albamu mpya kabisa, Zango, waliyorekodi Lusaka, tangu Kuomboka ni miaka 39. Sampa the Great, yule rapa wa Kizambia, yumo. Nilinunua siku ilipotoka, nikaisikiliza kwenye gari nimeegesha pembeni ya barabara maana sikuweza kuendelea kuendesha.

Alafu Mwana_Uyole jambo la muhimu. Sasa hivi umeandika hapa kwamba una Lazy Bones ya asili, subiri utaona watu wanakuja inboksi. Mimi nilikua na Introduction, ile ya 1972 kabisa, nilipewa na mjane wa rafiki yangu Mufulira. Akaja mnunuzi mmoja na maneno matamu ananiambia ni sahani ya zamani tu imechakaa anataka kwa kumbukumbu, nikampa kwa hela ya nauli ya basi kwa sababu wiki ile mtoto alikua anaumwa. Nilivyokuja kujua thamani yake sikulala. Hela sio kitu sana, kinachoniuma ni kwamba yule mjane alinipa nitunze. Usiuze kwa mtu anayekuharakisha. Na usiifute na spiriti wala kitambaa cha jikoni, maji safi na kitambaa laini, zungusha kufuata mistari, iache ikauke imesimama, usiilaze juani itapinda kama yangu. Ukitaka kuipiga usitumie gramafoni ya zamani yenye sindano ya chuma italima mistari, tafuta mtu mwenye mashine nzuri.

Mwana_Uyole aliandika:

Wakuu sijui niseme nini. Nimesoma yote mara mbili, alafu jana jioni nimeenda kwa shangazi nikamsomea kwenye simu neno kwa neno, nimetafsiri na zile herufi moja moja. Kweli watu wameshaniandikia pembeni, watatu mpaka sasa, sijawajibu.

Fundi mmoja wa redio hapa Mwanjelwa ana mashine nzuri, akakubali tuje nayo nyumbani kwa shangazi. Tulifuta kama Sahani alivyoelekeza. Ina mikwaruzo upande wa pili lakini upande wa kwanza ni msafi kabisa, unaonekana ndo aliokua anausikiliza kwa uangalifu, au alikua hausikilizi kabisa anauangalia tu, sijui. Ile sauti ya nyuki kwenye debe niliitambua papo hapo. Shangazi hakuingia ndani, alikaa kwenye kigoda pale mlangoni anachambua maharage, mgongo ametupa sisi. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili, hajasema kitu, ila maharage alikua ameacha kuchambua.

Alafu shangazi akaanza kusimulia, kaka yake alipata kazi ya reli yeye akiwa binti mdogo. Akasema barua zake za kwanza kutoka Zambia zilikua zinamtaja rafiki yake wa Kitwe aliyekua anamkaribisha kwake siku za mapumziko, na kwamba mwaka 78 barua zikaacha kumtaja, na hakuna aliyemuuliza kwanini. Hilo hata watoto wa bamkubwa walikua hawalijui.

Kuchoma hakuna tena. Amesema kava la kwaya lirudi kwake maana ile kwaya anaipenda, na sahani nikae nayo mimi niitafutie kava lingine. Alafu wakati naaga akanishika mkono akaniuliza, huyo Jagari anayeimba humo bado yuko hai? Nikamwambia ndio shangazi. Akasema basi mwandikieni, muulizeni kama Kitwe aliwahi kukutana na fundi mmoja Mtanzania mrefu, wa TAZARA, anayechekea puani.

Sahani, kama kuna njia ya kumfikia mzee naomba unielekeze. Barua nimeshaanza kuiandika.